Nyungunyungu wanavyogeuza maganda ya jikoni kuwa mbolea

MAGANDA ya viazi, mashina ya sukumawiki na majani ya chai ni miongoni mwa taka zinazojaza mapipa ya nyumba nyingi jijini Nairobi. Zaidi ya nusu ya taka za jiji hilo ni za aina hii ya kuoza. Nyingi huishia katika jaa la Dandora, ambalo lilitangazwa kujaa pomoni mwaka 2001 lakini likaendelea kupokea taka kwa miaka mingi baadaye. Humo hufunikwa na taka nyingine na, kwa kukosa hewa, huzalisha gesi ya methani inayochangia kuongezeka kwa joto duniani.

Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 inamtaka mwananchi kutenga taka zinazooza na zile zisizooza. Swali linalomkabili mkazi wa ghorofani, asiye na shamba wala ua, ni apeleke wapi zile zinazooza. Jibu mojawapo ni kufuga nyungunyungu.

Hata hivyo, si kila nyungunyungu anayefaa. Wale wachimbao mashimo marefu ardhini hawastawi ndani ya ndoo. Anayehitajika ni yule mwekundu na mwembamba, aitwaye Eisenia fetida na wataalamu, ambaye makao yake ya asili ni samadi na majani yaliyooza. Kwa kuwa hana meno, husubiri bakteria na kuvu walainishe chakula, kisha hukimeza na kukisaga kwa chembe za mchanga zilizomo tumboni. Kinyesi chake ndicho mbolea yenyewe.

Kinachohitajika ni ndoo pana au kreti yenye kifuniko. Hutobolewa matundu madogo ubavuni ya kupitisha hewa, na mengine chini ya kuchujia maji. Ndani hutandikwa magazeti yaliyochanwachanwa, vipande vya katoni au majani makavu, pamoja na konzi ya udongo. Tandiko hilo liwe na unyevu wa kitambaa kilichokamuliwa. Nyungunyungu hupumua kwa ngozi, hivyo likikauka hufa, na likijaa maji hukosa hewa.

Kilo moja ya nyungunyungu waliokwisha kuzoea makao inaweza kula takriban nusu kilo ya taka kwa siku. Anayeanza hana budi kuwapa kidogo, akikifukia chakula chini ya tandiko ili kuepuka nzi, na kuongeza pale tu cha awali kinapoisha. Wengi hushindwa kwa kulisha kupita kiasi. Harufu mbaya ni ishara kwamba chakula kimezidi. Dawa yake ni kusitisha ulishaji na kuchanganya karatasi kavu.

Nyama, samaki, maziwa, mafuta na vyakula vyenye chumvi havifai kabisa. Maganda ya machungwa, ndimu na vitunguu yatiwe kwa uchache. Maganda ya mayai yaliyopondwa hupunguza uchachu.

Joto linalowafaa ni kati ya nyuzi 15 na 25. Katika miji yenye joto kama vile Mombasa na Kisumu, chombo kiwekwe mahali penye kivuli na baridi zaidi nyumbani. Siafu huzuiwa kwa kusimamisha miguu ya meza katika mikebe yenye maji.

Baada ya miezi mitatu au minne, chakula huwekwa upande mmoja. Nyungunyungu huhamia huko, na upande wa pili ukazolewa mbolea nyeusi yenye harufu ya udongo. Sehemu moja huchanganywa na sehemu nne za udongo.

Njia hii ina mipaka yake. Chombo hakipati joto kali kama biwi la mboji, hivyo mbegu za nyanya na mapapai huweza kuchipuka na vijidudu vya maradhi kubaki hai. Ndiyo maana kinyesi cha mbwa au paka ni marufuku. Isitoshe, mavuno hayatoshi ekari ya mahindi. Lakini kwa gunia la sukumawiki kwenye roshani yanatosha, na ile mifuko inayovuja maji wakati wa kuteremshwa ngazini hupungua.