Mavazi ya reivu yarejea ukumbini: yalivyozaliwa na namna ya kuyavaa

Na Mwandishi Wetu

FULANA pana yenye sura ya njano inayotabasamu, suruali inayofunika viatu, jaketi jepesi la nailoni, filimbi shingoni na rangi zinazowaka gizani. Kijana anayeingia katika klabu ya usiku mjini London au Manchester siku hizi akiwa amevaa hivyo, mara nyingi alikuwa hajazaliwa wakati mavazi hayo yalipovuma kwa mara ya kwanza.

Hayo ni mavazi ya reivu, yaani zile dansi za kukesha zilizoenea nchini Uingereza kuanzia mwaka 1988, ambapo vijana walicheza muziki wa mashine katika maghala matupu na mashamba. Wafanyabiashara wa nguo huyauza kama mtindo wa zamani uliorudi. Maelezo hayo hayatoshi, kwani karibu kila kipande cha vazi la reivu kilikuwa na kazi yake, na anayeifahamu kazi hiyo ndiye ajuaye nini cha kuvaa na nini cha kuacha sandukuni.

Kazi ya kwanza ilikuwa kupambana na joto. Mwishoni mwa mwaka 1987, Dijei Danny Rampling, aliyekuwa amevutiwa na dansi za kisiwa cha Ibiza nchini Hispania, alianzisha klabu ya Shoom katika jengo la mazoezi ya viungo kusini mwa mto Thames, London. Ukumbi ulikuwa mdogo, ulijazwa moshi wa mashine, na watu walicheza hadi alfajiri. Hadi wakati huo, mabawabu wa klabu nyingi za jiji hilo walikuwa wakimpima mgeni kwa viatu na koti lake. Katika joto la Shoom koti halikuwa na maana. Watu walikuja na ovaroli, fulana kubwa na raba.

Upana wa nguo hizo haukuwa uzembe. Mtu anapocheza, nguo pana husukuma hewa juu ya ngozi kama kipepeo, jasho likakauka na mwili ukapoa. Nguo ya kubana haifanyi hivyo, na nguo ya nailoni huuzuia mvuke wa jasho kutoka, hata ikiwa pana. Jambo hili si dogo. Dawa ya kulevya ya ekstasi, iliyosambaa katika dansi hizo, hupandisha joto la mwili, na vijana kadhaa walipoteza maisha baada ya miili yao kupata joto kupita kiasi. Ubaya zaidi ni kwamba baadhi ya kumbi zilifunga mabomba ili ziuze maji ya chupa. Tangu mwaka 2010, sheria za leseni za England na Wales zinazitaka kumbi zinazouza pombe kuwapa wateja maji ya kunywa bure. Anayekwenda kukesha popote pale, awe amevaa nini, afanye vema kuuliza kwanza maji yako wapi.

Ile sura inayotabasamu ina historia ndefu kuliko reivu yenyewe. Ilichorwa mwaka 1963 na msanii Harvey Ball wa Worcester, Massachusetts, kwa ajili ya kampuni ya bima iliyotaka kuwachangamsha wafanyakazi wake, naye akalipwa dola 45. Mwaka 1988 Shoom iliiweka katika vipeperushi vyake, na katika muda wa miezi michache ikawa nembo ya dansi nzima. Gazeti la The Sun liliwauzia wasomaji wake fulana zenye sura hiyo mwezi Oktoba mwaka huo, kisha ndani ya mwezi huohuo likageuka na kuanza kuishutumu dansi hiyo kwa vichwa vya habari vya kutisha. Tangu hapo, kuivaa kukawa pia ni kutamka kwamba umesimama upande gani.

Rangi za kung'aa nazo zina siri yake. Kumbi nyingi huwasha taa zinazotoa mwanga wa zambarau hafifu, ambao sehemu yake kubwa jicho halioni. Rangi hizo hufyonza mwanga usioonekana na kuutoa tena ukionekana. Fulana nyeupe iliyofuliwa kwa sabuni ya unga hufanya hivyohivyo, kwa sababu sabuni nyingi huwekewa kemikali za kuing'arisha nguo. Ndiyo maana glavu nyeupe zilipendwa sana: mikono ilionekana ikielea peke yake gizani. Asiye na fedha za kununua fulana ya rangi kali anaweza kuvaa fulana yake nyeupe safi, nayo ikafanya kazi ileile.

Vizibao vya kuakisi mwanga, kama vinavyovaliwa na mafundi wa barabara, vilitokana na mzaha wa kuvaa nguo za kazi usiku wa starehe. Wanamuziki wa kundi la Altern-8 walikwenda mbali zaidi, wakapanda jukwaani na mavazi ya kujikinga na kemikali pamoja na barakoa. Mnunuzi wa leo afahamu jambo moja: utepe wa kuakisi huurudisha mwanga kulekule ulikotoka. Ndani ya ukumbi wenye giza hauonekani sana, ila kamera ya simu ikiupiga mwanga, picha yote hujaa utepe na sura ya mvaaji hupotea.

Jaketi lenye kofia lilitokana na mashamba. Mwaka 1989 maelfu ya vijana walizunguka barabara ya M25 inayoizingira London wakitafuta mahali pa dansi palipofichwa hadi dakika ya mwisho, na alfajiri ya Uingereza ni baridi hata wakati wa kiangazi. Bunge lilipandisha adhabu kwa waandaaji mwaka 1990. Baada ya mkusanyiko mkubwa wa Castlemorton mwezi Mei 1992, ikaja sheria ya mwaka 1994 iliyowapa polisi uwezo wa kutawanya mikusanyiko ya aina hiyo. Dansi ikahamia zaidi katika kumbi zenye leseni, na mabawabu wakarudi na masharti yao. Katika klabu nyingi za muziki wa gereji mwishoni mwa miaka ya 1990, mwenye raba na kofia aliishia mlangoni. Klabu za aina hiyo bado zipo, kwa hiyo ni busara kuulizia masharti ya mlangoni kabla ya kulipa nauli.

Kwa wakazi wa Dar es Salaam au Nairobi, mavazi haya si ya mbali kama yanavyodhaniwa. Uingereza ni miongoni mwa nchi zinazouza nje nguo nyingi zilizokwishavaliwa, na majaketi ya michezo ya miaka ya 1990 hufika katika marobota ya mitumba. Nasi tunao muziki wetu wa kukesha: singeli ya Dar es Salaam hupita mapigo 200 kwa dakika, wakati asidi hausi ya mwaka 1988 ilikuwa na takriban 120 hivi. Kwa kasi hiyo, na kwa joto la pwani, suti ya nailoni ni tanuri. Ifungwe kiunoni, na fulana pana ya pamba ifanye kazi.

Viatu viwe bapa. Vile vya soli nene mithili ya tofali, vilivyopendwa katikati ya miaka ya 1990, vinapendeza pichani lakini hupindisha kifundo cha mguu kwenye sakafu iliyomwagikiwa vinywaji. Filimbi ibaki pambo, maana katika ukumbi uliofurika kuna sikio la mtu hatua moja mbele yako.

Anayetaka fulana halisi ya enzi zile atazame pindo. Hadi katikati ya miaka ya 1990 fulana nyingi zilishonwa pindo kwa mstari mmoja wa uzi; baadaye mistari miwili ikawa ya kawaida. Wajanja wamekwisha kuligundua hilo na wanashona mstari mmoja kwa makusudi, hivyo aangalie pia lebo ya shingoni, rangi iliyofifia na michoro iliyopasuka kwa kufuliwa. Bei ikiwa kubwa na fulana ikiwa mpya mno, airudishe mahali pake.