Operesheni hupunguza tumbo, haiponyi kufakamia



Miaka ya karibuni hapa Mombasa operesheni ya kupunguza uzito imekuwa mazungumzo ya kawaida. Utaisikia kwenye harusi, kwenye arubaini, mpaka pale tunaposimama kungojea viazi karai. Fulani alikwenda India amerudi nusu. Fulani alifanyiwa Nairobi, sasa ngazi anapanda mbio. Kinachozungumzwa ni bei, na picha za kabla na baada. Kisichozungumzwa ni kwamba baadhi yetu tunaojiandaa kwa operesheni hii tuna maradhi mengine ya kula, na hayo kisu hakiyagusi.

Nasema "tunaojiandaa" kwa sababu mimi ni mmoja wao. Nina miaka arubaini na kitu, nina kisukari, magoti yananiuma, na niko katika miezi ya matayarisho. Daktari wa upasuaji alinituma kwanza kwa mtaalamu wa lishe na kwa mtaalamu wa saikolojia kabla ya kunipangia tarehe. Mengi ya haya nimefundishwa huko, mengine nimeyasoma, na naona ni haki yafike mitaani kwetu kwa lugha yetu.

Si ulafi

Kwetu mtu akila sana huitwa mlafi au mroho, na maneno yakaishia hapo. Lakini kula sana na maradhi ya kufakamia ni vitu viwili. Sote hula kupita kiasi siku ya Idi: biriani, kachumbari, sharubati, kisha halua na kahawa, tukaegemea ukuta tukicheka. Hayo si maradhi.

Maradhi yana alama zake. Mtu hula chakula kingi mno kwa muda mfupi, kingi kuliko ambacho wengi wangeweza kula kwa muda huo, na huku anahisi hawezi kujizuia. Hula haraka, hula bila njaa, hula mpaka tumbo linauma, hula kwa kujificha kwa sababu ya haya, na akimaliza hujichukia. Hali hiyo ikimjia angalau mara moja kwa wiki kwa miezi 3, wala hajitapishi baadaye, madaktari huihesabu kuwa ugonjwa. Daktari wa Marekani aitwaye Albert Stunkard aliieleza hali hii mwaka 1959. Mwaka 2013 chama cha madaktari wa akili cha nchi hiyo kiliipa nafasi yake yenyewe katika kitabu chao cha maradhi.

Kwangu huja usiku. Watu wamelala, mimi nimesimama jikoni, nala wali wa mchana moja kwa moja kutoka kwenye sufuria, na ladha yake siisikii. Mlafi hukifurahia chakula. Mwenye maradhi haya hakifurahii, na bado hawezi kuacha. Ningependa kila mama na kila mume aijue tofauti hiyo.

Operesheni inafanya nini

Operesheni zinazofanywa sana ni mbili. Ya kwanza huondoa sehemu kubwa ya tumbo la chakula, kama asilimia 75 hadi 80, likabaki mfano wa mrija mwembamba. Ya pili hutengeneza kifuko kidogo sehemu ya juu ya tumbo, chenye ujazo wa mililita 30 hivi, kisha utumbo ukaunganishwa na kifuko hicho ili chakula kiruke sehemu ya njia yake ya kawaida.

Zote mbili hubadilisha homoni pia. Ile homoni ya njaa iitwayo grelini hutoka zaidi katika ile sehemu inayokatwa kwenye operesheni ya kwanza. Ndiyo maana wengi husema miezi ya mwanzo njaa haiwasumbui kama zamani.

Lakini kufakamia mara nyingi hakutokani na njaa. Hutokana na huzuni, hasira, upweke, uchovu, au siku ndefu isiyo na faraja. Hayo yote yatakuwapo siku utakayotoka hospitali. Na tumbo dogo halimzuii mtu kula kidogo kidogo kutwa nzima. Soda, aiskrimu, halua na juisi ya miwa hupita kwa urahisi hata kwenye tumbo lililokatwa. Wataalamu wameona kuwa wale ambao hali ya kushindwa kujizuia huwarudia baada ya operesheni, hata ikiwa kwa chakula kidogo, ndio ambao mara nyingi hupungua kwa uchache au uzito huwarudia. Na mtu akifakamia katika wiki za mwanzo, mshono ukiwa mbichi, hujitafutia maumivu makali na kutapika.

Kwa hiyo miezi ya kungoja operesheni ni miezi ya tiba. Tukiipitisha kwa kuhesabu siku tu, tutaingia chumba cha upasuaji na maradhi yetu na tutatoka nayo.

Kujinyima hukuza kufakamia

Wengi wetu tukiambiwa "punguza kilo kadhaa kabla ya tarehe" huanza kujitesa njaa. Asubuhi chai ya rangi peke yake, mchana tango, usiku mlango wa friji haufungiki. Kukicha mtu anaona aibu, anaamua kulipa deni la usiku kwa kutokula kutwa. Usiku ukifika, ni yale yale.

Kati ya 1944 na 1945, katika Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, mtafiti Ancel Keys aliwapunguzia chakula wanaume 36 waliojitolea, wenye afya njema, kwa muda wa miezi 6 hivi. Chakula kikawa ndicho wanachokiwaza na kukizungumza kutwa. Waliporuhusiwa kula tena, baadhi yao walikula mpaka wakaugua na bado wakasema hawajashiba. Hawa hawakuwa walafi. Mwili ulionyimwa hudai haki yake, na hudai kwa fujo.

Ndiyo maana tiba ya kufakamia huanza na jambo linaloshangaza: kula, tena kwa wakati. Katika tiba ya mazungumzo iliyofanyiwa utafiti mwingi kwa maradhi haya, ambayo Christopher Fairburn wa Oxford ni mmoja wa waliyoiendeleza, mgonjwa hupangiwa milo 3 na vitafunio 2 au 3 kwa siku, pasipite zaidi ya saa 4 bila kula kitu.

Sisi tuna bahati, siku yetu tayari imegawanywa kwa adhana. Mpango wangu ni huu. Saa moja asubuhi, yai na kipande cha mkate, au mbaazi na hamri moja. Saa nne, tunda. Baada ya Adhuhuri, samaki, mchicha, na wali kiasi cha ngumi yangu. Baada ya Alasiri, mtindi. Baada ya Isha, dengu au kuku na mboga. Wewe utapangiwa wako na mtaalamu wako. Lililo gumu ni kula mlo wa asubuhi hata kama usiku uliopita mambo yaliharibika. Mlo unaofuata huliwa kwa wakati wake, haurukwi kwa kujiadhibu.

Mambo mengine yanayonisaidia:

Daftari. Naandika saa, nilichokula, nilipokuwa na nilivyohisi. Kalori siandiki. Baada ya wiki tatu niliona wazi kwamba usiku mbaya hufuata siku niliyokosa chakula cha mchana, au siku ya mazungumzo mazito ya pesa.

Kungojea robo saa. Hamu ni kama wimbi, hupanda, hufika kilele, kisha hushuka. Natoka jikoni, natia udhu, nampigia dada yangu simu, au nakaa barazani nipate upepo. Mara nyingine hamu hupita, mara nyingine haipiti. Lakini robo saa ile ni yangu.

Sahani na kiti. Hakuna kula nikiwa nimesimama wala kula kutoka kwenye sufuria. Kijiko nakiweka chini kati ya tonge na tonge, na maji nayatenga na chakula kwa nusu saa hivi, kwa sababu baada ya operesheni ndivyo nitakavyotakiwa kuishi.

Mtu mmoja anayejua. Kwangu ni mume wangu. Hanichungi wala hanihesabii. Nikimwambia "usiku wa leo mgumu", anakaa na mimi.

Usimfiche daktari

Wapo wanaomficha daktari wakiogopa tarehe itafutwa. Kuwa na maradhi haya peke yake hakufungi mlango wa operesheni. Kawaida wataalamu hutaka kuyatibu kwanza, pengine tarehe ikasogezwa mbele kidogo, na baadaye wakakufuatilia kwa karibu. Aliyeficha hufanyiwa operesheni na hana wa kumfuatilia. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Najua pia haya ya jina. Hapa Mombasa ukitajiwa daktari wa akili, fikra za watu hukimbilia Port Reitz na neno wazimu. Kumuona mtaalamu wa saikolojia kwa sababu ya kula si wazimu, ni sehemu ya matayarisho kama vile kupimwa damu na moyo.

Mwambie daktari pia kama unajitapisha au unatumia dawa za kuharisha. Kama unatumia dawa za kisukari, hasa insulini, usipunguze chakula bila kumuuliza, kwani sukari inaweza kushuka kwa hatari. Na kama huzuni imefika mahali unaona heri usingekuwapo, usingoje miadi. Nenda hospitali siku hiyo hiyo, na usiende peke yako.

Karamu za kuaga

Hospitali nyingi huwapa wagonjwa chakula maalumu chepesi kwa kama wiki 2 kabla ya operesheni. Sababu yake ni ini. Kwa mtu mnene ini huwa kubwa na lina mafuta, nalo limelalia tumbo pale pale daktari anapotaka kufikia. Chakula hicho hulifanya linywee.

Hapo ndipo wengine hufanya karamu za kuaga: biriani ya mwisho, mishkaki ya mwisho, kaimati za mwisho. Karamu hizo hulirudisha ini lilikotoka, na humfundisha mtu kuwa anaingia kifungoni. Chakula hakifi. Baada ya operesheni utaanza na vya majimaji, kisha vilivyopondwa, kisha laini, na baada ya miezi utakula pilau pamoja na watu, ila vijiko vichache. Vitamini utameza maisha yako yote, na wanawake hushauriwa wangoje miezi 12 hadi 18 kabla ya kushika mimba.

Katika wiki hizo mbili shika saa zako zile zile za kula. Kinachobadilika ni kilichomo kwenye bakuli. Na hamu ikizidi, mpigie mtaalamu wako wa lishe mapema.

Kwenu jamaa

Upendo wetu wa pwani uko kwenye sinia. Shangazi akisema "Ongeza mwanangu, mbona huli?" anasema kwamba anakupenda. Mimi sasa najibu, "Shangazi, chakula kitamu mno, nimeshiba alhamdulillahi," na namuomba sahani yangu peke yangu, kwa sababu kwenye sinia la pamoja mtu hajui amekula kiasi gani. Mara ya tatu walizoea.

Nanyi mliozoea kumtania mtu mnene mbele ya watu, jueni utani ule humfuata mpaka jikoni usiku. Na mkimuona mgonjwa wenu ameshindwa siku moja, msimwambie "na hiyo operesheni itakufaa nini?" Muulizeni kama ameshakula mlo wake uliofuata.

Kuhusu Ramadhani, kutwa bila chakula kisha futari nzito ni mtihani mkubwa kwa mwenye maradhi haya. Muulize daktari wako na sheikh wako mapema, tangu Shaabani. Dini imempa mgonjwa ruhusa, na kuitumia ruhusa si udhaifu wa imani. Tumefundishwa tangu chuoni habari ya theluthi ya chakula, theluthi ya maji na theluthi ya pumzi. Kwa mwenye maradhi haya mafundisho hayo ni lengo la kufikiwa kwa tiba na subira, si fimbo ya kumpigia.

Ikiwa umejiona katika maneno haya na uko kwenye matayarisho, miadi yako ijayo muulize daktari mambo mawili: nani atanitibu kufakamia kabla ya operesheni, na nani atanifuatilia mwaka wa kwanza na wa pili baada yake? Ikiwa hospitali haina jibu la maswali hayo, tafuta iliyo nalo kabla hujalipa hata shilingi.

Allah awape shifaa wagonjwa wetu wote. Amin. Wassalaam.