Mary Phillip: beki wa Peckham aliyeiongoza England

Mtaa wa Peckham, kusini mwa London, unafahamika kwa maduka na makanisa ya wahamiaji kutoka Afrika na visiwa vya Karibiani. Hapo ndipo alipozaliwa, mwaka 1977, Mary Phillip, beki aliyekuwa mchezaji mweusi wa kwanza kuwa nahodha wa timu ya taifa ya wanawake ya England.

Maisha yake ya soka yanaeleza pia jinsi mchezo huo ulivyohangaika kupata heshima na malipo nchini Uingereza.

Kivuli cha marufuku

Mwezi Desemba mwaka 1921 Chama cha Soka cha England, FA, kiliwapiga marufuku wanawake kucheza katika viwanja vya klabu wanachama wake, kikidai kuwa mchezo huo hauwafai. Mwaka mmoja kabla ya hapo, watazamaji wapatao 53,000 walikuwa wamefurika Goodison Park, Liverpool, kuwatazama wanawake hao. Marufuku hiyo ilidumu hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970.

Phillip alikua katika kizazi kilichoruhusiwa kucheza lakini kisicholipwa. Akiwa na umri wa miaka 18 alijumuishwa katika kikosi cha Kombe la Dunia nchini Sweden mwaka 1995.

Fulham yathubutu

Mwaka 2000 Fulham, iliyomilikiwa na tajiri mzaliwa wa Misri, Mohamed Al Fayed, ilikuwa klabu ya kwanza barani Ulaya kuwaajiri wanasoka wa kike kwa muda wote. Phillip alikuwa miongoni mwao.

Msimu wa 2002-2003 walitwaa ligi, Kombe la FA na Kombe la Ligi. Hata hivyo, mwaka huo huo klabu iliuacha mpango huo. Mataji matatu hayakutosha kuuokoa mradi uliotegemea mfuko wa mtu mmoja.

Mataji manne

Phillip alihamia Arsenal, na mwaka 2007 klabu hiyo ilitwaa mataji yote manne iliyoshindania, likiwemo Kombe la UEFA la Wanawake.

Katika fainali ya mikondo miwili walikutana na Umeå ya Sweden, iliyokuwa na Mbrazili Marta. Beki Alex Scott alifunga bao pekee ugenini katika dakika za majeruhi, na mechi ya marudiano ikamalizika bila bao. Hivyo, kwa mechi mbili, lango la Arsenal halikutikiswa.

Baada ya jezi

Phillip, mama wa watoto wanne wa kiume, aliichezea England mara 65, na alistaafu soka ya kimataifa mwaka 2008. Ilipita miaka kumi zaidi, hadi 2018, kabla ya klabu zote za ligi kuu ya wanawake kulazimika kuwaajiri wachezaji kwa muda wote.

Licha ya kuishi na maradhi ya multiple sclerosis, yanayoathiri ubongo na uti wa mgongo, alirejea mtaani kwake kuwafundisha wanaume wa Peckham Town. Mwaka 2020 aliwaongoza kutwaa kombe la Chama cha Soka cha London.

Njia hiyo sasa inapitwa na Waafrika Mashariki pia. Mwaka 2024 mshambuliaji wa Tanzania, Aisha Masaka, alisajiliwa na Brighton ya ligi kuu ya England. Yeye aliukuta mshahara. Kizazi cha Phillip kiliupigania.