Umeme wa Upepo Usambara: Anza na Betri

Ukingoni Mtae, pale Usambara Magharibi inapokatika ghafla na kuziangalia tambarare za Mkomazi, upepo ni mali. Tangu Wakala wa Nishati Vijijini uanze kazi mwaka 2007, nguzo za umeme zimepanda vijiji vingi vya Lushoto, lakini nyumba zilizojitenga bado zinategemea sola, na ukungu wa Julai ukitanda, sola hupata kidogo sana. Kujitengenezea kinu cha upepo ni wazo zuri, ilimradi tuanze pale ambapo mitambo mingi hufia: kwenye betri.

Mfano unaojulikana sana ni wa William Kamkwamba wa Malawi. Mwaka 2002, akiwa na miaka 14, alijenga kinu kwa vipande vya baiskeli, feni ya trekta na magogo ya mkaratusi, mti ambao Lushoto haina shida nao. Kiliwasha taa, lakini upepo ulipotulia taa nayo ilizimika, mpaka alipoongeza betri ya gari.

Betri nyingi madukani kwetu bado ni za risasi na asidi, aina iliyobuniwa na Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859. Ya gari imeundwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache za kuwasha injini, kisha ijazwe mara moja. Ukiitumia kuwashia taa usiku kucha mpaka iishe, baada ya miezi michache haifai tena. Nunua betri ya sola, yenye plati nene, na hata hiyo usiishushe chini ya nusu. Kipima volti ndicho kitakachokuambia: betri ya volti 12 iliyojaa na kupumzika saa kadhaa husoma 12.7 hivi, ikifika 12.2 imebaki nusu, zima taa. Ikilala tupu siku nyingi, salfeti ya risasi huganda kwenye plati na kugeuka fuwele ngumu zisizoyeyuka tena kwa kuchaji. Hicho ndicho kifo cha betri nyingi tunazosikia zilikuwa feki.

Betri zenye vifuniko zikague kila mwezi. Maji yakipungua ongeza yaliyokenekwa, si ya bomba wala ya kisima, na usiongeze asidi, kwa kuwa kinachopotea wakati wa kuchaji ni maji. Gesi inayotoka hulipuka, kwa hiyo chumba kipitishe hewa na kibatari kisikaribie. Lushoto ina bahati moja: ubaridi. Joto likizidi nyuzi 25, kila nyongeza ya nyuzi 10 hupunguza umri wa betri kwa takriban nusu. Betri ileile itadumu zaidi Mtae kuliko Mombo bondeni.

Sasa kinu. Nguvu ya upepo hupanda kwa mchemraba wa kasi yake. Mapanga yenye kipenyo cha mita 2.4 yakipata upepo wa mita 5 kwa sekunde yatatoa wati 70 hivi. Kasi ikiwa mita 10, umeme huongezeka mara nane, zaidi ya wati 500. Kwa mita 3 hupati kitu cha maana. Kwa hiyo kinu cha Mtae au Irente hakifanani na cha bondeni Soni, hata kikiwa na fundi mmoja. Juu huko hewa nayo ni nyepesi, pungufu ya pwani kwa asilimia 15 hivi, na mahesabu yazingatie hilo. Pima upepo mwaka mzima ukiweza, na mnara upite vilele vya miti.

Kama jenereta, alternata ya gari haifai: inataka mizunguko mingi kuliko mapanga yanavyoweza kuipa. Hugh Piggott, aliyeishi Scoraig huko Uskoti bila umeme wa gridi, alisambaza ramani ya kinu chenye mapanga matatu ya mbao, sahani mbili za sumaku, koili za shaba katikati, na mkia unaojikunja upepo ukizidi. Fundi mwenye mashine ya kuchomelea anaweza kukijenga.

Jambo moja halina mjadala. Paneli ya sola ukiitenganisha na betri hainung'uniki. Kinu ukikitenganisha upepo ukiwa mkali, hakina tena kinachokizuia, kinazidi kasi mpaka mapanga yavunjike na kuruka. Betri ikijaa, umeme wa ziada lazima upelekwe kwingine, kwa mfano kwenye hita ya maji, ambayo asubuhi za Julai itapendwa.

Na betri ikishakufa, usiipasue wala kumwaga asidi yake kando ya shamba. Ardhi hii inalisha masoko ya Dar es Salaam kabichi na karoti, na risasi ikiingia kwenye udongo haitoki. Ipeleke nzima kwa wanaokusanya betri chakavu kwa ajili ya viwanda.