Unauza mtandaoni na unataka kuingiza mzigo hotelini? Soma hii kabla hujapokea oda

Kuna swali linarudi sana: "Nauza sabuni, au vikapu, au batiki, nawezaje kuuzia hoteli na wageni?" Leo tuliongelee vizuri, maana hela ipo. Mwaka 2023 Tanzania ilipokea watalii zaidi ya milioni 1.8 na mwaka 2024 wakavuka milioni 2. Wote hao wanalala mahali, wanaoga, asubuhi wanataka kahawa, na wakiondoka wanataka cha kubeba.

Kwanza utafiti wa soko. Hilo neno linatisha watu, wanadhani mpaka uwe na digrii. Fungua Google Maps au Booking, tafuta malazi ya Mikocheni, Msasani, Masaki mpaka Mbezi Beach, halafu soma maoni ya wageni. Ya nyota tano yaache, yale yanasema "pazuri sana" basi. Soma ya nyota tatu, hapo ndipo mgeni anafunguka. Chukua daftari, pitia maoni kama hamsini, na kila lalamiko likijirudia piga mstari. Ukikuta wengi wanasema kahawa ya chumbani ni ya kopo wakati wapo nchi inayolima kahawa, wewe muuza kahawa ya Mbinga umeshapata la kumwambia mwenye nyumba. Huendi tena na "niungishe bosi", unaenda na dawa ya tatizo lake. Kazi ya jioni mbili tu, gharama ni bando.

Mfano mzuri tunao hapa hapa jirani. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora Dar mwaka 1968, bila shule ya sanaa. Alichorea vipande vya hadibodi kwa rangi ya mafuta, ile ya kupaka baiskeli, kwa sababu ndivyo vilivyopatikana kwa bei anayoiweza. Picha zikauzwa nje ya Morogoro Stores, Oysterbay, na mkewe alikuwa anashiriki kuziuza. Angalia alivyokaa: Oysterbay ndiko wazungu walikokuwa wanaishi na kununua mahitaji yao. Picha ni ndogo, inaingia kwenye sanduku, na mtu akiiona haulizi inatoka wapi, tembo na chui wanajieleza wenyewe. Alifariki 1972, lakini wanafunzi wake waliendelea na mwaka 1990 wakaunda chama cha ushirika. Mpaka leo watu wanakula kwa jina hilo. Kwa hiyo kabla hujaposti kikapu cha Iringa chenye ukubwa wa beseni, jiulize mgeni mwenye kilo 23 za mzigo atakiweka wapi. Tengeneza na kile kidogo. Na kwenye posti andika kipimo kwa sentimita, sio "size ya kati".

Sasa kuna hili la utalii endelevu. Maana yake kwa lugha yetu: mgeni aje, ale, alale, aondoke, na bahari, maji na watu wa pale wabaki salama. Hoteli nyingi sasa zinajinadi kwa hilo, na wewe muuzaji mdogo unaweza kuingilia hapo hapo. Kisiwa cha Chumbe pale Zanzibar kina vibanda saba tu vya wageni. Wanaoga maji ya mvua yaliyovunwa, umeme ni wa jua, na choo hakitumii maji. Sehemu kama hiyo ukiwapelekea sabuni ya makemikali ndani ya kichupa cha plastiki, hata jina lako hawatalikumbuka. Na sio visiwani tu. Mwaka 2019 kampuni kubwa kama Marriott na IHG zilitangaza kuachana na vile vichupa vidogo vya bafuni na kuweka chupa kubwa za kujazwa tena. Mwaka huo huo, tarehe 1 Juni, Tanzania Bara tukapiga marufuku mifuko ya plastiki.

Wewe unafanyaje? Usiuze chupa, uza kujaza. Peleka chupa nzuri mara moja, kisha kila wiki mbili unarudi na dumu la sabuni ya maji. Mwenye nyumba anaokoa hela ya vichupa, takataka zinapungua, na wewe una mteja wa kudumu badala ya oda moja. Binafsi naona hii ni bora kuliko kuhangaika na vifurushi vya zawadi vyenye utepe.

Ila usidanganye. Usiandike "asilia 100%" kama mafuta ya harufu umenunua Kariakoo na hujui yametoka wapi. Andika kilichomo. Chakula na vipodozi watakuuliza alama ya TBS. SIDO wana mafunzo na wanasaidia wadogo kufika huko. Na vitu vya magamba ya kasa au matumbawe achana navyo kabisa, mgeni wako anaweza kukwama uwanja wa ndege.

Tuje kwenye hela, hapa ndipo watu wanapofia. Hoteli nyingi hazilipi papo hapo, unaacha ankara unasubiri siku 30, wengine 45. Piga hesabu hii. Una mtaji wa 350,000. Sabuni inakugharimu 1,700, mtandaoni unauza 3,500, na unatoa 30 kwa wiki. Faida ni 54,000 kwa wiki. Hoteli inataka sabuni 200 kwa 2,500. Umetumia 340,000, umebaki na 10,000, sabuni tano hizo. Faida ya hoteli ni 160,000, lakini itakuja baada ya wiki sita na ushee. Wiki sita mtandaoni zingekupa 324,000. Na wateja wako wa inboksi wakikosa mzigo mara mbili wanahamia kwa mwingine.

Kwa hiyo omba nusu kabla, au gawa: sabuni 50, walipe, ndio 50 nyingine. Wakikataa yote mawili, iache oda, hata kama jina la hoteli ni zuri kwenye status.

Mimi ningeanza na wenye apatimenti za Airbnb. Ana vyumba viwili vitatu, anaamua mwenyewe, analipa kwa simu siku hiyo hiyo. Mfuate kabla ya msimu: Juni mpaka Oktoba wageni ni wengi, wakati wa masika wanapungua sana. Ujumbe uwe mfupi: "Habari dada/kaka. Nimeona wageni wako wawili wamelalamikia sabuni ya bafuni. Nipo Mikocheni, natengeneza sabuni ya maji ya mnazi na ninakuja kujaza mwenyewe. Naomba nikuletee chupa moja ya kujaribu Jumamosi." Weka picha moja na bei. Bei iandike, usimwambie "njoo inboksi" wakati upo inboksi tayari.