Mtembea bure si sawa na mkaa bure

Wahenga walinena kwamba mtembea bure si sawa na mkaa bure, kwani huenda akaokota. Kwa miaka mingi nimewafunza wanafunzi wangu methali hii na kuifafanua ubaoni, lakini sikupata kuionja maana yake hadi Jumapili moja nilipofunga safari ya miguu pamoja na aila yangu, kutoka Kawangware tunakoishi hadi Arboretum, ile bustani ya miti iliyoanzishwa mwaka wa 1907, karibu na Ikulu ya Nairobi.

Nakiri kuwa sikwenda kwa hiari. Daktari alikuwa amenipima shinikizo la damu, akakunja uso, akaniamuru nitembee. Nami niliona haya kuzurura peke yangu, kwa kuwa mtaani kwetu mwalimu mzima akionekana akienda kwa miguu hudhaniwa kuwa amekosa nauli. Basi nikawachukua mke wangu na wanetu wawili wawe kisingizio. Tukaishika barabara ya Gitanga, tukapita Lavington na Kileleshwa, taratibu, kwa hatua za watoto.

Tulipofika bustanini, kitinda mimba wetu alianzisha mashindano ya kusoma kwa mbali vibao vya majina ya miti. Akasoma cha kwanza, akasoma cha pili. Dada yake, aliye katika shule ya upili, alinyamaza kimya. Nilipomhimiza naye ajaribu, alijibu kwa sauti ya chini: "Baba, mimi siyaoni maandishi hayo mpaka niyakaribie." Mama yake akamwuliza huwaje basi darasani. Akasema kuwa hunakili kutoka daftari la jirani yake.

Msomaji mpendwa, nilifadhaika. Muhula mzima nilikuwa nimemkemea binti huyo kwa alama zake za hisabati, nikimwita mzembe na kumwongezea saa za kudurusu usiku. Mimi, mwalimu ninayejidai kuwatambua watoto wa wenzangu, sikuwa nimemtambua wangu. Naondoka nyumbani kabla ya mapambazuko, nikirejea usiku baada ya msongamano wa magari, na mazungumzo yetu mezani yalikuwa maswali juu ya mitihani. Mezani mzazi huketi kama hakimu. Njiani, mnapokwenda bega kwa bega, hakuna mshtaki wala mshtakiwa, na ulimi wa mtoto hufunguka.

Manufaa ya mwili yanajulikana. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka wa 2020, linashauri kwamba watoto wa miaka 5 hadi 17 wafanye mazoezi kwa wastani wa dakika 60 kila siku, na watu wazima wasipungukiwe na dakika 150 kwa juma. Moyo huimarika, mifupa hukomaa na usingizi huwa mtamu. Lakini mtoto hafuati mwongozo; hufuata nyayo za mzazi wake. Samaki mkunje angali mbichi.

Yamkini kuna atakayeuliza: je, wakazi wa Kangemi na Kawangware si watembezi tayari? La hasha, sijasahau. Maelfu hudamka alfajiri na kwenda kwa miguu hadi Westlands na Eneo la Viwanda. Hata hivyo, kila mmoja huenda peke yake, kwa dhiki, akiyakwepa magari kwenye barabara zenye njia finyu za waendao kwa miguu. Mwaka wa 2022 ilifunguliwa barabara ya juu ya kilomita 27, kutoka Mlolongo hadi Westlands. Hiyo ni ya magari. Anayetembea naye anastahili njia yake.

Ndiposa huwaeleza wanangu habari za Profesa Wangari Maathai. Mwaka wa 1989 alipinga mpango wa kujenga jumba la orofa 60 katika bustani ya Uhuru, akatukanwa na wakubwa, lakini hatimaye mradi ule ukaachwa. Mwaka wa 1999 alipigwa akiutetea msitu wa Karura. Mtaka starehe aliye na pesa hakosi kilabu cha kuogelea. Asiye nazo, wanawe watacheza wapi pasipo bustani za umma?

Walimu wenzangu, nasi tujihukumu. Mara ngapi kipindi cha mazoezi ya viungo kimemezwa na hisabati? Mara ngapi tumemwadhibu mwanafunzi kwa kumkimbiza kuzunguka uwanja, kisha tukashangaa kwamba anachukia kukimbia? Nanyi wanafunzi, msingoje kualikwa. Mwambieni mzazi: twende tukatembee. Huenda anangoja kisingizio, kama nilivyongoja mimi.

Leo binti yangu anavaa miwani. Shinikizo langu limeteremka kiasi, ingawa dawa sijaziacha. Kila Jumapili, mvua isiponyesha, tunaishika tena barabara ya Gitanga. Na katika kuvisoma vile vibao vya miti, siku hizi ni kitinda mimba anayelalamika kwamba dada yake hampi nafasi.