Kwa nini akina Koech ni wengi na akina Barng'etuny ni wachache

Msomaji mmoja wa safu hii, mwalimu wa shule ya upili huko Bureti, ameniletea swali ambalo nimelizungusha kichwani kwa wiki mbili. Anasema akiita Koech darasani, mikono minne inainuka. Akiita Lang'at, mitatu. Akiita Rono, hivyo hivyo. Lakini ubini wake yeye hajawahi kuusikia nje ya boma la kwao. Anataka kujua ulitoka wapi, na kwa nini haukuenea kama ya wenzake.

Hakupenda jina lake lichapishwe, nami namwelewa. Mtu mwenye ubini wa nyumba moja ukimtaja gazetini umeshachora ramani ya kwao. Kwa hiyo nitatumia mfano wa jina ambalo Wakenya wengi wamewahi kulisikia redioni, ila ni wachache waliowahi kukutana na mwenye nalo: Barng'etuny. Wa makamo yangu watamkumbuka Ezekiel Barng'etuny, mwanasiasa wa Nandi wa enzi za KANU. Nandi na Kipsigis ni ndugu wa lugha moja, na kanuni za majina yao kwa sehemu kubwa ni zile zile.

Kwanza tuliweke sawa hili neno "jina la ukoo", ambalo tunalijaza kwenye fomu bila kufikiri. Kwa Wakipsigis, Koech si ukoo hata kidogo. Ukoo kwao ni *oret*, na kila oret ina mnyama au kiumbe chake wanachokiheshimu. Akina Talai, kwa mfano, ni watu wa simba. Jina la oret haliandikwi kwenye kitambulisho. Matokeo yake ni kwamba Lang'at wa Sotik na Lang'at wa Ainamoi wanaweza kuoana bila mzee yeyote kukunja uso, kwa sababu hawana undugu. Lakini Lang'at na Kirui wakijuana Nairobi, wakapendana, wakaja nyumbani kutambulishwa, wanaweza kuambiwa na wazee kwamba ndoa haipo, kwani oret yao ni moja. Vijana huumia kwa jambo hili kwa sababu walisoma majina kwa macho ya shule. Ndiyo maana mimi napendelea neno *ubini*. Limetokana na *bin* ya Kiarabu, na linasema kweli kuhusu jina la aina hii: fulani ni mwana wa fulani, basi.

Sasa Koech ni nini? Mtoto wa Kipsigis hupewa jina kwa saa au hali aliyozaliwa nayo. Wa kiume hutangulizwa *Kip-* au *Ki-*, wa kike *Chep-* au *Che-*. Aliyezaliwa kunapopambazuka ni Kipkoech au Chepkoech. Wa mchana ni Kibet au Chebet. Wa jioni ni Kiplang'at au Chelang'at. Mbuzi wakirudi zizini, Kiprono. Ng'ombe wakirudi, Kiprotich. Ng'ombe wakiamka asubuhi kwenda malishoni, Kipng'etich. Usiku, Kipkemoi. Watu wakiwa wamelala, Kipkirui. Wapo pia wa hali: Kiptoo alikuta wageni nyumbani, Kipkemei alikuja wakati wa kiangazi, Kipruto mama yake alikuwa safarini. Hebu ona: orodha ni fupi, na nusu yake ni mgawanyo wa siku moja tu, kana kwamba saa ya ukutani imegeuzwa kuwa watu.

Mvulana akishatoka jandoni, anaongezewa *arap* pamoja na jina la baba lililovuliwa Kip-. Mwana wa Kiplang'at anakuwa arap Lang'at. Tuseme huyo ni Kiprono arap Lang'at. Mwanawe atakuwa, tuseme, Kibet arap Rono. Mjukuu atakuwa Kipkirui arap Bett. Vizazi vinne, na ubini umebadilika kila mara. Katika utaratibu huo wa zamani hapakuwa na swali la jina kuenea au kutoweka, kwa maana kila ubini ulikufa na wenyewe na mwingine ukazaliwa. Rais Moi aliitwa *arap* Moi kwa utaratibu huo huo, ingawa yeye alikuwa Mtugen wa Baringo.

Nitoke nje kidogo ya njia. Huko Wales, watu nao walikuwa wakisema *ap* kumaanisha "mwana wa". Rhys ap Howell, na kadhalika. Wapo wanaodai kwa furaha kwamba *ap* ya Wales na *arap* ya Kericho ni kitu kimoja, eti kuna damu iliyovuka bahari. Hapana. Ya Wales imetoka kwenye *mab*, yaani mwana. Ile *p* ya mwisho wa arap ni kiunganishi cha Kikalenjin kinachofanya kazi ya "-a" yetu katika "mtoto wa", "mlango wa". Herufi zimekutana njiani tu. Kinachofanana kweli ni yaliyozipata. Wales ilipounganishwa kisheria na Uingereza katika karne ya 16, utaratibu wa kubadilisha jina kila kizazi ulianza kufa na majina yakagandishwa. Ap Howell ikawa Powell, ap Rhys ikawa Price. Na kwa kuwa wakati huo akina John na David walikuwa tele, leo Wales imejaa akina Jones na Davies wasio na undugu wowote. Denmark nako, amri ya mwaka 1828 ilitaka watoto wabatizwe kwa jina la kudumu la familia, na ndipo akina Jensen, Nielsen na Hansen walipogandishwa kwa wingi wao. Iceland ilikataa, na mpaka sasa mtu huko huitwa kwa jina la babake.

Kericho na Bomet mgando ulikuja kwa njia tatu, tena karibu kwa pamoja. Sheria ya kipande ilipitishwa mwaka 1915 na kuanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Kila mwanamume wa Kiafrika wa miaka 16 na zaidi alitakiwa kuandikishwa na kuchukuliwa alama za vidole. Halafu makampuni ya chai yaliingia katikati ya miaka ya 1920, nayo yalihitaji orodha ya malipo. Na misheni, kama Litein na Tenwek, zilibatiza na kuandikisha watoto shuleni. Karani wa aina hizi zote alitaka kitu kimoja: jina lisilobadilika. Yule mtoto aliyeandikishwa John Kibet Rono, watoto wake nao wakaandikwa Rono, ingawa kwa mila walipaswa kuwa arap Bett. Arap yenyewe ikaanguka njiani, kama vile *bin* ilivyomwanguka Shaaban bin Robert tukabaki na Shaaban Robert.

Hapo ndipo jibu la nusu ya kwanza lilipo. Karani alipofungua kitabu, alikuta jamii ambayo wanaume wake wengi walikuwa na majina yaliyotoka kwenye orodha ile fupi ya saa za siku. Akayagandisha alivyoyakuta. Akina Koech hawakuenea kutoka kwa Koech mmoja mwenye wana wengi. Walianza wengi siku ile ile, katika maelfu ya maboma, bila kujuana. Ndiyo sababu katika kituo cha kununulia majani cha KTDA, mkulima akiitwa kwa jina pekee wanageuka watu watano. Kinachomwokoa ni namba yake ya ukulima.

Barng'etuny ni habari nyingine kabisa. *Bar* ni kuua, *ng'etuny* ni simba. Si jina la kuzaliwa nalo. Ni jina la sifa, alilolipata mtu mzima kwa kitendo, na likafunika lile la utotoni. Ndugu yake ni Barmasai, "aliyemuua Mmaasai", jina lililojulikana duniani mwaka 1997 Bernard Barmasai alipovunja rekodi ya dunia ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji mjini Cologne. Jina la namna hii lina masharti. Lazima awepo simba au vita, lazima mtu ashinde, lazima wenzake wakubali kumwita hivyo, na lazima wanawe waandikishwe kwa sifa hiyo badala ya jina la kawaida la baba. Zaidi ya yote, chemchemi yake ilikauka. Baada ya kampeni ya kijeshi ya Waingereza dhidi ya Sotik mwaka 1905 na ile ya Nandi ya mwaka huo huo hadi 1906, uvamizi wa mifugo wa zamani ulibanwa, na nyika za simba zikageuka mashamba. Jioni huja kila siku na kuleta Kiplang'at mpya. Simba hakuuawa kila siku, na siku hizi ukimuua utajibu kesi ya wanyamapori.

Si kila ubini adimu ni wa ushujaa, na ningemsihi mwalimu wangu asijivike ngozi ya simba kabla ya kuuliza. Mengine ni majina ya utani yaliyoganda. Mengine yaliingia na watu waliopokelewa kutoka kwa majirani, Wagusii na Wamaasai, wakawa Wakipsigis kamili huku jina likibaki na lafudhi ya kwao. Mengine ni ya marika: Chumo, Sawe na Maina ni majina ya marika ya Kipsigis, na huyo Maina huwachanganya watu kwa sababu Wakikuyu wanaye wao. Mengine yana tarehe ndani yake. Kipchumba, kwa mfano, limetokana na neno la mzungu, kwa hiyo halingeweza kuwepo kabla wazungu hawajaonekana.

Halafu kuna suala la kuhesabu. Uadimu mwingine ni wa karatasi tu. Kikalenjin hakitofautishi *p* na *b*, wala *k* na *g*, kama Kiswahili kinavyofanya, ndiyo maana unaona arap na arab, Kipsigis na Kipsikis. Karani mmoja aliandika Rono, mwingine Ronoh. Ruto, Rutto. Bet, Bett. Na ile alama ndogo ya juu, ambayo sisi wa Kiswahili tunaijua vyema kutokana na *ng'ombe*, imeanguka kwenye nyaraka nyingi: Langat, Ngeno, Ngetich. Msomaji asiye wa huko hulitamka Langat kama anayesema *ngazi*. Kwa hiyo kabla hujasema ubini wako uko peke yake, uandike kwa tahajia zote ambazo karani asiyejua lugha angeweza kuzitumia, kisha utafute tena.

Je, majina adimu yatakufa? Swali hili liliwahi kumshughulisha Francis Galton huko Uingereza, na mwaka 1874 yeye na Henry Watson walichapisha hesabu yake. Kiini chake chaeleweka bila hesabu. Nyumba moja ya Koech ikipata mabinti watupu, ubini wa Koech hausikii hata mwasho. Nyumba pekee ya jina adimu ikipata mabinti watupu, na mabinti wakachukua majina ya waume, basi kwisha. Wakipsigis wa zamani walikuwa na dawa yao. Mjane asiye na mwana wa kiume aliweza kumtolea mahari mwanamke mwingine, na watoto waliozaliwa wakawa wa nyumba ile, wakiitwa kwa jina la marehemu. J. G. Peristiany aliyeandika kuhusu Wakipsigis mwaka 1939, pamoja na wengine baada yake, wamelieleza jambo hili. Huu ulikuwa mpango wa urithi, wa ng'ombe na ardhi, na jina likaokoka humo humo.

Kuna pia hifadhi nyingine ambayo serikali haijawahi kuiona. Mtoto mchanga huitiwa majina ya wahenga wa ukoo moja baada ya jingine, na lile atakalolipigia chafya ndilo la mhenga aliyerudi kwake. Jina hilo haliingii kwenye cheti cha kuzaliwa. Lakini katika vinywa vya akina mama wazee kuna majina ambayo hutayakuta katika kitabu chochote cha wapiga kura, na yanaishi.

Namwambia mwalimu haya kwa sababu nyingine isiyo ya kitaaluma. Katika barua yake ametaja kwamba shamba la chai la babu bado liko kwa jina la babu, "arap" fulani, na jina hilo haliandikwi sawa na lililo kwenye vitambulisho vya wajukuu. Wanawe mwenyewe wanataka kuuacha ubini huo wachukue Koech, jina rahisi lisilowapa makarani taabu. Wana haki. Sheria inaruhusu kubadilisha jina kwa hati. Ila wakifanya hivyo kabla ya mirathi kumalizika, watakuwa na majina matatu ya kuyaunganisha mbele ya mahakama badala ya mawili, na kila kiungo kitadai hati ya kiapo na shahidi aliye hai. Mashahidi wa namna hiyo wana miaka themanini na ushei.

Kwa hiyo aende kwa mzee mkubwa wa boma akiwa na daftari. Asimuulize "jina letu lina maana gani", kwa kuwa atapewa hadithi tamu tu. Amuulize: babu aliitwa arap nani? Na baba yake babu, arap nani? Alipozaliwa aliitwa Kip- gani kabla ya hili jina jingine? Oret ipi? Ni mtoto yupi wa kwanza kuandikishwa shule, na ni nani alimpeleka siku hiyo?